Hati Iliyosema Hakumwona

Binamu yangu Dhiyab aliendesha magari kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakukanyaga breki hata mara moja akiwa amevaa kiatu. Kila alipoketi nyuma ya usukani alivua ndara ya mguu wa kulia, akaisukuma chini ya kiti, kisha akauweka mguu mtupu juu ya kanyagio, iwe ni Agosti au siku ya theluji. Alifanya hivyo katika malori ya njia ya Baghdad alipokuwa kijana, na akafanya hivyo kwa miaka kumi na minane katika basi la shule ya wasichana hapa mjini kwetu Salt. Ukimuuliza sababu, alikujibu kwamba kiatu ni mkalimani, na mkalimani hupunguza maneno. Ndiyo maana ndara zake zote zilichakaa upande mmoja: ya kushoto imelika kisigino, ya kulia kama iliyotoka dukani jana.

Naandika habari zake kwa sababu katika mji wetu ipo hati, niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, inayosema uongo juu ya mguu huo. Nilikuwa karani wa manispaa kwa miaka ishirini na tisa. Nimeandika hati nyingi, na hii ndiyo ninayoionea aibu.

Dhiyab alipostaafu, mwanawe Hazim, anayefanya kazi Kuwait, alimnunulia gari la umeme ili asishinde nyumbani akigombana na mkewe. Lilikuwa limetumika Uchina kabla ya kutufikia kupitia bandari kavu ya Zarqa, kama yalivyotufikia maelfu ya mengine, na skrini yake ya mbele ya dereva ilijaa maandishi ya Kichina. Fundi Luai, mwenye karakana ya magari ya umeme hapa mjini, aliifungua kompyuta ya gari, akageuza nusu ya maandishi yakawa ya Kiarabu, akaliunganisha na simu ya Hazim huko huko Kuwait.

"Ami, hili si gari tena," Luai alimwambia. "Hii ni simu yenye magurudumu."

"Na salio likiisha?"

"Unasukuma."

"Basi hata lile lori langu la Baghdad lilikuwa simu," akasema Dhiyab.

Tangu siku hiyo Hazim aliyajua mambo ya nyumbani kwa baba yake kuliko sisi majirani. Alipiga simu tukiwa tumeketi sebuleni, na Dhiyab akaiweka sauti wazi tusikie sote.

"Baba, umeacha dirisha la nyuma wazi na mvua inakuja."

"Nani kakwambia?"

"Gari."

"Lina mdomo gari lako."

"Na jana umeshuka barabara ya bondeni kwa kilomita mia kwa saa."

"Huyo Mmbea mwambie mama yako ndiye aliyekuwa akiniharakisha."

"Mimi?" Umm Hazim akajibu kutoka jikoni. "Mimi nilikuwa nimefumba macho, natamka shahada."

Jina la Mmbea likashika. Watoto wa mtaa walilisalimia gari kwa jina hilo likipita. Nami nilicheka pamoja nao, na kicheko hicho nakihesabu miongoni mwa makosa yangu. Hakuna kati yetu aliyeuliza habari zile zilipita wapi kabla ya kufika Kuwait, zilihifadhiwa kwa nani, na kwa idhini ya nani. Mtu angesimama dirishani mwetu akaandika saa tunayotoka na saa tunayorudi, tungemtoa kwa mawe. Hili tulilichaji umeme wenyewe.

Jumanne moja ya Februari, saa tisa na dakika arobaini alasiri, Dhiyab alikuwa akishuka barabara ya Wadi Shuaib katika mvua. Mzee mmoja aitwaye Muflih, aliyewahi kuwa mlinzi wa lango la shule ya wavulana, alikuwa ametoka kuchuma khubeza, mboga ya mwitu tunayoipika majira hayo. Alivuka barabara na mfuko wake mkononi. Gari likamgonga. Alikufa hospitali siku ya pili.

Askari wa usalama barabarani alipima na kuandika kwamba juu ya lami hapakuwa na alama za matairi. Breki za magari ya siku hizi haziachi alama kama zile za zamani, na katika mvua ndiyo kabisa. Lakini hilo hakuliandika. Mji mzima ukasoma maandishi yake kwa maana moja tu: Dhiyab hakufunga breki.

Yeye akawekwa rumande, kwa kosa lake na kwa usalama wake pia, nasi ukoo wake tukafanya linalofanywa. Siku ya tatu wazee walikwenda kuomba muda. Siku ya arobaini tukaenda jaha kamili, yaani ujumbe wa wazee sitini, kuomba sulhu. Mbele yetu aliongoza Haji Turki, ambaye amesuluhisha damu nyingi kuliko mahakama yoyote ninayoijua. Tukaketi katika hema la wafiwa, tukamiminiwa kahawa chungu, na kila mmoja akakiweka kikombe chini mbele yake bila kukigusa. Hakinywewi mpaka tulilolijia litolewe.

Haji Turki alisema maneno machache na mazuri. Kisha akasimama Jadaan, mtoto pekee wa kiume wa marehemu, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye duka la mbegu na chakula cha kuku.

"Fidia sitaki," akasema. "Kahawa yenu mtainywa. Nina swali moja tu. Alimwona?"

"Mwanangu, hatukuja kujitetea," akasema Haji Turki.

"Sijasema mjitetee, Ami. Nimeuliza kama alimwona. Baba yangu alikaa kwenye lango lile miaka ishirini na saba, watu wanampita kama wanapita nguzo. Walimu, wanafunzi, nyinyi wenyewe humu. Sasa nataka kujua kama na huyu naye..."

Ami yake akamvuta mkono wa kanzu. "Kaa chini, Jadaan. Wageni wana vikombe mbele yao."

Akakaa.

Haji Turki akaniinamia sikioni, maana mimi ndiye niliyeshika karatasi. "Andika hakumwona."

"Dhiyab anasema anaukumbuka uso wake," nikamnong'oneza.

"Ukiandika alimwona, umeandika alimgonga huku anamtazama. Kesho atatokea mpumbavu mmoja na bunduki. Andika hakumwona, na kosa lote ni letu. Usikate adabu vipande vipande."

Nikaandika. Nikaandika kwamba sisi, ukoo wa Dhiyab, tunakiri mtu wetu alimgonga marehemu kwa uzembe, bila kumwona wala kufunga breki, na kwamba hatuna neno la kujitetea. Nikaisoma kwa sauti. Watu wakaitikia amina, vikombe vikainuliwa. Jadaan alikunywa wa mwisho, na alipokuwa akinywa alinitazama mimi, wala si Haji Turki.

Dhiyab alipotoka rumande, nilimchukua kwa gari langu. Hakutaka kuendesha, wala hakuendesha tena hadi kufa kwake. Njiani akaniuliza tuliandika nini. Nikamwambia.

"Hakumwona?" akarudia.

"Ndiyo adabu, Abu Hazim. Wewe unaijua."

"Nilimwona, Abu Majid. Alikuwa na mfuko wa mboga. Aliinua mkono." Tukapita soko la zamani. "Au nimeuona ule mkono baadaye, akiwa chini. Sijui. Nadhani nilikanyaga. Lakini kwenye gari lile ukiinua mguu tu linapunguza mwendo lenyewe, hata kanyagio la breki unaweza kulisahau wiki nzima. Mguu wangu hauniambii kitu."

Katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya mguu ule.

Siku chache baadaye alinishika mkono tukaenda kwa Luai. Luai alimbusu begani, akamketisha, akamsikiliza hadi mwisho.

"Ami, Mmbea anajua," akasema. "Kila unapokanyaga, anaandika na kutuma. Mguu, usukani, mpaka mkanda wa kiti."

"Basi muulize."

Luai akachomeka waya wake na kusoma kwa muda mrefu. "Kumbukumbu ya ajali ipo. Imefungwa. Anafunguliwa mwenye akaunti tu."

"Mwenye akaunti si mimi?"

"Wewe umo kama mgeni."

"Mgeni kwenye gari langu?"

Luai akainama. "Ndivyo tunavyofanya sote, Ami, magari yote ya kutoka kule. Tunaingilia kwa mlango wa wageni ili taa ziwake na simu ipate habari ndogo ndogo. Mwenyewe ni yule aliyelinunua mara ya kwanza, Uchina."

"Ni nani huyo?"

"Ndilo wasilolisema."

Nilianza kuandika barua. Nilimwandikia wakala aliyekuwa karibu zaidi, akajibu kwamba gari letu halikutengenezwa kwa ajili ya nchi yetu, kwa hiyo kwao halipo. Gari lililomuua mtu halipo. Niliwaandikia watengenezaji wenyewe mara tano, kwa Kiingereza nilichojifunza sekondari, nikaeleza kwamba hatumshtaki mtu, hatudai kitu, kuna mzee anayetaka kujua tu kama mguu wake mwenyewe ulifunga breki. Nilijibiwa mara mbili. Majibu yote mawili yalianza kwa kuniita mteja mpendwa na kunieleza jinsi wanavyothamini faragha ya watumiaji wao. Faragha ya nani? Dhiyab alikuwa ameshapimwa kila unyayo, ameandikwa, ametumwa ng'ambo ya bahari mbili na kuwekwa kabatini, na mtu pekee duniani aliyekatazwa kumjua alikuwa Dhiyab.

Nasema wazi, na nimesema hivyo hata katika kikao cha manispaa ambako nilizimiwa kipaza sauti: kumbukumbu ya kitendo cha mtu ni sehemu ya mtu. Anayeiuza, anayeificha, na serikali inayoliruhusu gari kupita forodhani bila kuuliza nani ameshika ufunguo wa kumbukumbu hiyo, wote wamechukua kitu mwilini mwa mwenzao.

Wakati huo Mmbea alikuwa ameegeshwa chini ya mforosadi uani kwa Dhiyab, na hakuacha kusema. Alimwambia Hazim hewa imepungua tairi la mbele la kushoto. Alimwambia kuna kitu kimepita karibu na mlango, nacho kilikuwa paka. Siku ya tisini tangu aegeshwe alimpelekea ujumbe kwamba gari linamkumbuka sana dereva wake. Hazim alinisomea ujumbe huo kwenye simu, kisha akakata.

Dhiyab alitembea kwa miguu. Mji wetu ni wa ngazi, na kwenye ngazi za kwenda msikitini alikutana na Jadaan karibu kila siku, maana duka la Jadaan liko pale juu. Hawakusemezana. Hati ilikuwa imeshamaliza maneno yote, na mtu wetu hakuwa na ruhusa ya kuongeza hata moja. Dhiyab alijibanza ukutani, akainamisha kichwa, akasubiri Jadaan apite. Nilimwambia mara moja, "Nenda kamwambie unachokumbuka." Akanijibu, "Nimwambie nadhani? Mtu amefiwa na baba, mimi nimpelekee nadhani?"

Alikufa Aprili ya mwaka uliofuata, moyo ulimsimama kwenye ngazi zile zile, akiwa amevaa ndara zote mbili.

Siku ya kumi na tisa baada ya mazishi Luai alikuja kwangu na karatasi. Mwaka mzima alikuwa akimtafuta aliyelinunua gari mara ya kwanza, akiuliza dalali baada ya dalali, mpaka fundi mwenzake wa Guangzhou akampata. Alikuwa mwalimu wa kike katika mji ambao sikuwahi kuusikia. Hakujua kwamba jina lake bado liliendesha gari nchini kwetu. Aliposimuliwa habari alilia, kisha akaiomba kumbukumbu kwa simu yake. Walimpa kwa dakika nne.

Dakika nne. Sisi tulikuwa tumengoja miezi kumi na minne, na mtu wetu alikuwa chini ya udongo.

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu ya maana, na Luai alikuwa ameitafsiri kwa kalamu ya risasi. Kwanza mguu uliondoka kwenye kanyagio la mwendo. Mara ukashuka juu ya breki, asilimia mia moja, hadi mwisho. Baada ya hapo ikapita sekunde moja na sehemu tatu za kumi kabla gari halijamfikia Muflih. Mvua na mteremko vilifanya vilivyobaki.

Nilimpelekea Umm Hazim. Alikuwa jikoni akipanga majani ya mzabibu kwa ajili ya kuviringa, mikono imelowa, hakuigusa karatasi.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Sekunde moja ni kiasi gani, Abu Majid?"

"Kama kusema Ya Latif, mara moja."

Akaendelea kupanga, jani juu ya jani. "Mwaka mzima nimelala kando ya mguu unaokanyaga. Kila usiku, shemeji. Unalisukuma godoro mpaka linagusa ukuta. Nyinyi mmeandika barua hadi Uchina. Mimi nilikuwa hapa jikoni."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Nikamwambia, mwanamume, mguu wako unakumbuka, umekanyaga. Unajua alinijibu nini? Akasema huenda unakanyaga sasa kwa sababu siku ile haukukanyaga."

Yeye akafuta mikono kwa aproni.

"Usiniachie mimi hiyo. Mpelekee Jadaan. Ndiye aliyeuliza."

Jadaan alikuwa peke yake dukani, akipima shayiri. Nilimwambia mapema kwamba sikuja kulitetea jina la mtu, nimeleta jibu la swali lake. Aliisoma karatasi mara tatu akiwa amesimama, kisha akakalia gunia.

"Alimwona," akasema.

"Alimwona."

"Na mwenyewe alijua kwamba alimwona?"

"Hakujua, mwanangu. Amekufa hajui."

Akaikunja karatasi, akaikunjua tena. "Alikuwa ananipisha pale kwenye ngazi. Nilidhani anaona haya kwa kuwa hakumwona baba. Nami nikawa nampita. Nampita kama nguzo, Ami. Mwaka mzima."

Mteja akaingia kuulizia mbegu za matango, akazitazama nyuso zetu, akatoka.

"Nenda kafute lile neno," Jadaan akaniambia.

Nilikwenda kwa Haji Turki siku hiyo hiyo. Hati anaitunza yeye, ndani ya sanduku la chuma, pamoja na nyingine zote. Aliniandalia chai, akaniuliza hali ya mgongo wangu, akanisikiliza kwa heshima. Kisha akasema hati ya sulhu haifutwi. Nikamwomba basi uongezwe mstari chini yake. Akasema utafungua kidonda.

"Mwenye kidonda ndiye anayeomba," nikamwambia.

"Hata akiomba. Wakianza kuongeza mistari, hakuna sulhu itakayolala salama humu sandukuni."

"Haji, tumeandika uongo."

"Tumeandika amani, Abu Majid. Wewe ulishika kalamu, hukukataa."

Hilo ni kweli, na ndilo linalonifanya nisimlaumu yeye peke yake. Watengenezaji walilifungia jibu kwenye mitambo yao. Swali lenyewe tulilikalisha chini sisi, mbele ya watu, kwa adabu na vikombe vya kahawa, na kalamu ilikuwa yangu. Ningemwacha Jadaan amalize sentensi yake siku ile, pengine wawili wale wangekutana kwenye ngazi, kila mmoja na nusu yake ya habari, na Dhiyab angemwambia hata hilo nadhani lake. Nadhani ni neno dogo, lakini Jadaan angelipokea. Ameniambia mwenyewe kwamba angelipokea.

Kwa kuwa sanduku la Haji Turki halifunguki, mstari wangu nauongeza hapa. Dhiyab, dereva, baba yake Hazim, alimwona Muflih, mlinzi wa lango, baba yake Jadaan, katika mvua, siku ya Jumanne, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Alimwona, na akakanyaga breki hadi mwisho kwa mguu mtupu.

Hazim anataka kuliuza gari, lakini hakuna jirani anayetaka kulitoa pale chini ya mforosadi. Wiki iliyopita Umm Hazim aliniomba nimchukulie hati za bima ndani yake. Nilipofungua mlango, taa ziliwaka, na bila shaka kule Kuwait simu ya Hazim ikalia. Ndara ya kulia ya siku ile ilikuwa bado chini ya kiti. Nikaiacha hapo.